Mashine Iliposema "Hayupo"

Sisi tunaojifunza kuandika tunaijua vizuri kazi ya kungoja majibu. Unapeleka mswada, unangoja. Mwezi wa kwanza una matumaini, wa pili unaanza kuwalaumu watu wa posta, wa tatu unajiuliza kama kweli wewe ni mwandishi au unajidanganya tu. Na katika kungoja huko kote, majibu yanayoweza kukupata ni matatu: "ndiyo", "hapana" na "subiri". Mimi, kwa kazi ninayoifanya ili nipate hela ya karatasi na ugali, nimekuja kujua kwamba hata mashine zinazosafirisha barua pepe hujibizana kwa majibu hayo hayo matatu. Na nimeona balaa linalotokea pale mashine inayotakiwa kusema "subiri" inaposema "hapana".

Naomba uniruhusu, msomaji mwenzangu, nikusimulie habari hiyo polepole. Usiogope, haina hesabu. Nilimaliza kidato cha nne tu na hesabu zilinipiga chenga mapema.

Nakaa Tegeta, upande wa Kibaoni. Ukitoka barabara ya Bagamoyo, kuna ghorofa moja lenye duka la vifaa vya ujenzi chini. Juu yake ndiko iliko ofisi yetu. Malori ya saruji yanayoshuka kutoka Wazo yakipita, madirisha hutetemeka na vumbi huingia hata ukiziba kwa matambara. Ndani ya chumba hicho tupo watu watatu. Tunatunza barua pepe za shule mbili, zahanati moja na chuo kimoja cha ufundi. Mwenye ujuzi ni mmoja, namwita Fundi, mtu mzima wa miaka arobaini na kidogo. Mimi kazi yangu ni kupokea simu, kufuta vumbi, kukimbilia luku na kuandika kila tatizo kwenye daftari. Fundi akijua kwamba usiku naandika riwaya, akaacha kuniita jina langu. Ananiita "Mwandishi". Mwanzoni nilidhani ananikejeli.

Sasa hebu tuielewe mashine kwanza, maana usipoielewa hutaona uchungu wa kisa chenyewe.

Kanuni wanazozifuata wasafirishaji wa barua pepe, zile ziitwazo SMTP, ziliandikwa na Mmarekani mmoja, Jonathan Postel, zikatolewa Agosti 1982. Zimefanyiwa marekebisho baadaye, lakini mfupa wake ni ule ule. Seva moja inaipigia hodi seva nyingine, inasema: nina barua ya fulani. Seva iliyopigiwa hodi hujibu kwa namba yenye tarakimu tatu. Namba ikianza na 2, maana yake imekubali. Ikianza na 4, maana yake: kuna tatizo la muda, rudi baadaye. Ikianza na 5, maana yake: haiwezekani, usirudi tena. Namba 550 ndiyo mashuhuri kuliko zote katika kundi hilo, ndiyo inayotumika kusema mtu huyo hapa hayupo.

Tofauti ya 4 na 5 inaonekana ndogo, lakini kwa barua ni kama tofauti ya kulala na kufa. Seva iliyoambiwa 4 huiweka barua kwenye foleni yake na kujaribu tena na tena. Kanuni zilizorekebishwa mwaka 2008 zinashauri isikate tamaa kabla ya siku 4 au 5. Seva iliyoambiwa 5 haingoji. Inamrudishia mwandishi taarifa kwamba barua yako haikufika na haitafika, mchezo umekwisha.

Jambo la pili. Seva ya barua yenyewe haimjui mtu yeyote. Ni kama tarishi mgeni mtaani. Anapokuja na bahasha lazima amwulize mjumbe: huyu anakaa hapa? Mjumbe huyo ndiye wataalamu wanamwita saraka. Ni daftari la majina linalokaa kwenye kompyuta, mara nyingi kompyuta nyingine kabisa, na limeandikwa nani ni nani, anuani yake ipi, neno lake la siri lipi. Namna inayotumika zaidi ya kuliuliza daftari hilo inaitwa LDAP. Kanuni zake za kwanza zilitoka mwaka 1993, na mmoja wa walioziandika ni Tim Howes wa Chuo Kikuu cha Michigan. Mwenye seva ya barua, mwenye kompyuta za ofisi, mwenye programu ya mahudhurio, wote huenda kuuliza kwenye saraka hiyo hiyo moja. Ni raha kubwa, kwa sababu mtu akiacha kazi unamfuta mahali pamoja tu. Lakini saraka ikizimika, wote wanabaki vipofu kwa mpigo.

Je, tarishi akifika kwa mjumbe akakuta mlango umefungwa, aandike nini juu ya bahasha? Hapo ndipo kilipo kisa changu.

Ilikuwa Novemba 2023. Nadhani unaukumbuka mgao wa miezi ile. Umeme uliondoka jioni, betri za akiba zikapiga kelele, zikachoka, zikanyamaza. Jenereta la jirani halikuwa na mafuta. Umeme ukarudi yapata saa nne usiku, mashine zikajiwasha zenyewe kama zilivyopangwa. Hakuna aliyekuwepo ofisini. Kila mtu alikuwa kwake, ana raha ya kuona feni inazunguka.

Asubuhi simu ya kwanza ilitoka kwa katibu muhtasi wa shule mojawapo.

"Kijana, watu wananipigia wanasema anuani ya mkuu wa shule imekufa."

"Imekufa vipi, mama?"

"Wakiandika inawarudia. Eti hayupo. Na mimi namwona yule pale anakunywa chai."

Nikaandika kwenye daftari. Kabla sijafunga kalamu, zahanati wakapiga. Kisha chuo. Fundi akafika saa tatu na nusu, daladala lilimweka Mwenge karibu saa nzima. Nikamsomea daftari. Hakukaa.

Hatua yake ya kwanza ilikuwa kusoma kumbukumbu za seva ya barua, yaani faili ambamo mashine huandika kila inachokifanya. Akatafuta mistari ya tarehe ya siku ile. Hakuna. Akatafuta ya jana usiku. Hakuna pia. "Basi hakuna barua iliyotugusa tangu jana," akasema, "tatizo ni laini ya intaneti." Akashika simu awapigie waliotuunganisha.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake naangalia kioo. Mtu anayeandika hadithi huwa ana tabia ya kusoma ukurasa wa mwisho. Nikamwambia, "Fundi, mbona mistari ya chini kabisa inasema Januari?"

Akaiweka simu. Kweli bwana. Mistari ilikuwa inateremka vizuri, Novemba, Novemba, Novemba, halafu ghafla Januari tarehe 1, na baadaye kidogo Januari tarehe 2. Mwaka hauonekani kwenye mistari ile. Akaiuliza mashine saa ngapi. Ikajibu kwamba tuko mwaka 2012.

Ndani ya kompyuta nyingi kuna betri bapa ya duara, kama sarafu, ile ya namba 2032. Kazi yake ni kuikumbusha mashine saa na tarehe wakati haina umeme. Betri ile ikifa hujui, kwa sababu mashine haizimwi. Siku umeme ukikatika kabisa ndipo mashine inazinduka kama mtu aliyezimia, haijui leo ni siku gani, inarudi kwenye tarehe iliyowekewa kiwandani. Ni kweli tunayo programu ya kusawazisha saa kwa kuuliza kwenye intaneti. Ila ya aina ile tuliyokuwa nayo, ikikuta tofauti inazidi sekunde 1000, haigusi saa. Inaona hilo ni jambo la binadamu kuja kuamua, inajizima. Na binadamu tulikuwa tumelala.

"Sawa," nikasema, "saa imekosea. Lakini saa inahusiana nini na mkuu wa shule kuwepo au kutokuwepo?"

"Subiri, Mwandishi."

Akachukua laptop yake akaiuliza saraka jina la mkuu wa shule. Likatoka, na cheo chake. Akauliza majina mengine matatu. Yakatoka. Saraka ilikuwa hai, nzima, haina neno. Mtu asiye na uzoefu angeishia hapo akaanza kuzunguka zunguka. Yeye akasema maneno ambayo niliyaandika kwenye daftari langu la riwaya na si la kazi: "Usiniulize mimi kama mjumbe yupo nyumbani. Muulize tarishi aliyeenda." Akaingia ndani ya seva ya barua yenyewe, akauliza swali lile lile akiwa humo. Likagoma. Jibu lilisema cheti hakijaanza kutumika.

Kumbe saraka na seva ya barua huzungumza kwa siri, na kabla ya kuzungumza, saraka huonyesha cheti chake kuthibitisha kwamba ni yenyewe. Cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Cheti chetu kilitolewa mwaka 2022. Seva ya barua, iliyoamini kwamba iko 2012, ilikiangalia ikaona mtu anamletea kitambulisho cha miaka kumi ijayo. Ikakataa kuzungumza naye. Kwa akili yake ilikuwa sahihi kabisa. Hata mimi ningekataa.

Kwa hiyo saraka haikuzimika. Ilipotea kwa mtu mmoja tu, yule aliyeihitaji zaidi.

Hapo nilidhani tumemaliza. Fundi ndiyo kwanza alikuwa ameanza kukasirika. Kwa sababu, anasema, hata saraka ingeungua moto, seva ya barua haikutakiwa kusema 550. Tunatumia Postfix, programu aliyoitengeneza Wietse Venema, ikatolewa kwa umma Desemba 1998, na Postfix ina adabu zake. Ikishindwa kuifikia saraka, hujibu 451, kwamba kuna hitilafu ya muda katika kutafuta jina. Barua zingekaa kwenye foleni za huko zilikotoka, zikijaribu kila baada ya muda, na asubuhi ile tungerekebisha saa na zote zingeingia. Hakuna ambaye angejua. Sasa huyu 550 ametoka wapi?

Tulimkuta baada ya nusu saa. Katikati ya Postfix na saraka kulikuwa na programu ndogo, mistari isiyozidi hamsini, iliyoandikwa na fundi aliyetangulia ambaye alishaondoka zamani. Alitaka kurahisisha mambo, maana chuo kilikuwa na majina ya utani ya idara na kila shule ilikuwa na mtindo wake. Postfix inaiuliza programu ile, programu inaiuliza saraka, kisha inarudisha jibu. Nilimwomba Fundi anisomee mstari kwa mstari. Ikipata jina, inasema yupo. Isipopata jina, inasema hayupo. Na ikishindwa kuifikia saraka? Hakuna mstari wake. Inaangukia kwenye kapu lile lile la "hayupo".

Saraka yenyewe inazo namba tofauti kwa mambo hayo: 32 maana yake kitu hicho hakimo, 51 maana yake nimezidiwa na kazi, 52 maana yake sipatikani. Wale wazee waliotunga kanuni walitenga kila kitu chumba chake. Fundi aliyetangulia akavunja kuta.

"Alikuwa mvivu?" nikauliza.

"Hapana, alikuwa hodari. Siku aliyoiandika kila kitu kilikuwa kinafanya kazi. Hakufikiria kwamba ipo siku hii programu itakuwa haijui." Akasugua macho. "Dogo, mashine haioni haya kusema sijui. Sisi tunaoziandika ndio tunaona haya."

Kama nawe unatunza seva mahali, pengine shuleni au kwenye ofisi ya mjomba wako, mpangilio aliouchukua Fundi baada ya hapo utakufaa. Kwanza hakugusa saa wala programu. Kwanza alizuia damu. Postfix ina kiswichi kinachoitwa soft_bounce. Ukikiwasha, kila "hayupo" inayotoka hugeuzwa kuwa "jaribu baadaye". Dakika moja tu, na kuanzia hapo hakuna barua iliyopotea tena, hata kabla hatujarekebisha chochote. Kisha akasahihisha saa kwa mkono, akaiwasha upya programu ya kuisawazisha. Kisha akaiuliza saraka kutoka ndani ya seva ya barua, ikajibu. Kisha akaandika mistari sita kwenye ile programu ndogo, kwamba isipoifikia saraka iseme haijui. Akaipima kwa kuifunga saraka makusudi na kujitumia barua kutoka nje: ikatoka 451. Akaifungua saraka, barua ikaingia yenyewe baada ya muda. Mwisho kabisa akazima kile kiswichi, maana ukikiacha, hata anuani za uongo kabisa zitaambiwa zingoje, foleni za watu zitajaa upuuzi. Mimi nikatumwa Nyuki kwa fundi saa kununua betri.

Barua zilizogonga mlango baada ya kiswichi ziliingia zote mchana ule, bila mtu kuandika chochote. Zilizogonga kabla yake, kuanzia saa nne usiku hadi saa nne asubuhi, zilikuwa zimekwenda. Na hapa kuna jambo ambalo sikulijua. Seva inapokataa kwa sababu ya jina, inakataa mlangoni, kabla haijapokea hata herufi moja ya barua yenyewe. Kilichobaki kwenye kumbukumbu ni nani alimwandikia nani, saa ngapi, akaambiwa hayupo. Bahasha bila barua.

Zilikuwa arobaini na kitu. Fundi akanichapia orodha akaniwekea mezani. "Mwandishi, hii sasa ni kazi yako."

Nikawaandikia wote, mmoja mmoja. Kwamba jana usiku mtambo wetu ulikosea, mtu uliyemwandikia yupo, tafadhali mtumie tena. Wengi hawakunijibu, na baadhi ya anuani zilikuwa za mashine tupu, za matangazo. Wauza vitabu wawili walishukuru. Mzazi mmoja alitukana kidogo, kisha akashukuru. Na jibu moja lilitoka ofisi fulani ya mjini. Walikuwa wamemwandikia mwanafunzi wa kile chuo aliyeomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo. Walisema, kwa adabu kabisa, kwamba barua iliporudi na kusema hakuna mtu kama huyo, waliona huenda ametoa anuani ya kubuni, wakamchukua aliyefuata kwenye orodha. Nafasi imeshajazwa. Aombe tena mwezi wa Machi.

Unaweza kuuliza kwa nini hawakumpigia simu. Tulimwuliza mwenyewe, dada mmoja wa Boko, alipopitia ofisini. Simu yake ilichomolewa kwenye daladala mwezi uliotangulia, namba ilikuwa bado haijarudishwa, ndiyo maana aliandika anuani ya chuo peke yake. Aliona hiyo ndiyo salama zaidi. Haiwezi kuibwa.

Nikamweleza mambo ya saa, mambo ya cheti, mambo ya programu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo kompyuta ilisema mimi sipo."

"Ndiyo, dada."

"Saa ngapi?"

Nikaangalia orodha. "Saa mbili na dakika kumi na tatu asubuhi."

Akacheka, ila kile cheko hakikuwa cha furaha. "Saa mbili nilikuwa nafua."

Sikuwa na la kumjibu. Tulimpa barua ya kueleza kilichotokea, yenye mhuri wa ofisi, aende nayo. Machi aliomba tena, na safari hii wakampokea. Miezi minne lakini ni miezi minne, hasa kwa mtu ambaye cheti chake kinangoja hayo mafunzo.

Usije ukadhani haya ni mambo ya Tegeta na vumbi letu. Tarehe 14 Desemba 2020, saa nane na dakika 47 mchana kwa saa za huku kwetu, huduma za Google ziligoma dunia nzima kwa takriban dakika 47. Barua, video, nyaraka, kila kilichohitaji uingie kwa jina lako. Mitambo ilikuwa mizima. Kilichokwama ni ile huduma inayotunza utambulisho wa watu, yaani saraka yao: mfumo wa kugawa nafasi za kompyuta ulipewa taarifa kwamba huduma hiyo inatumia sifuri, ukaipunguzia nafasi, ikashindwa kuandika kumbukumbu mpya. Ikaona taarifa zake zimepitwa na wakati, ikakataa kumthibitisha mtu. Watu walikasirika, kisha dakika 47 zikaisha, wakaingia, kila kitu wakakikuta mahali pake.

Tatizo la pili lilitokea siku hiyo hiyo na kuendelea hadi kesho yake, tarehe 15, nalo halikutangazwa sana na redio. Katika kuhamisha mipangilio ya mfumo wa kupokea barua, jina la gmail.com likabadilishwa kimakosa. Seva zikawa zinatafuta watu kwa jina la mahali lisilokuwepo, na kwa kuwa hawakuonekana, zikajibu 550, hakuna mtumiaji kama huyo. Kwa jumla ya zaidi ya saa sita katika siku hizo mbili, barua zilizoandikwa kwenda kwa watu halali, walio hai, zilirudi na neno hilo. Na mifumo ya kutuma barua kwa wingi imefundishwa kuheshimu namba 550: ikiambiwa mtu hayupo, inamfuta kwenye orodha yake, tena kwa nia njema. Kwa hiyo mtu aweza kuwa alifutwa mahali siku ile bila yeye kujua, na bila aliyemfuta kujua.

Linganisha matatizo hayo mawili. La kwanza lilipiga kelele dunia nzima na halikumpotezea mtu barua iliyokwisha fika. La pili lilikuwa kimya, nalo ndilo lililorudisha barua za watu. Kampuni yenye wataalamu wengi kuliko wakazi wa mtaa wetu na programu ya mistari hamsini pale Kibaoni ziliumwa ugonjwa mmoja: kutokuona kuligeuzwa kuwa kutokuwepo.

Tangu siku ile nimekuwa nikiliona jambo hili kila mahali. Kabla ya operesheni ya anuani za makazi ya mwaka 2022, ile iliyotangulia Sensa ya tarehe 23 Agosti, nyumba yetu haikuwa na namba. Ukimwelekeza mtu ulisema ingia kona ya kinyozi, pita mwembe, uliza kwa mama wa vitumbua. Siku mama wa vitumbua akisafiri, mgeni alirudi kwao akasema hatukai Tegeta. Sisi tupo ndani tunakula.

Na wewe mwandishi mwenzangu unayengoja jibu la mswada: mimi wangu una miezi minane sasa. Zamani ukimya ule niliusoma kama 550. Nilikuwa nakaa kitandani najiambia nimeambiwa sipo. Sasa naujua ukweli, kwamba ukimya si namba yoyote. Hauna 5 wala 4. Pengine mhariri ameusoma akaucheka, pengine uko chini ya rundo, pengine anuani yake iligoma usiku ule niliotuma. Nilichofanya ni kile ambacho seva yenye adabu hufanya ikikosa jibu. Niliuweka kwenye foleni, na mwezi uliopita nikautuma tena, na kivuli kimoja nikakipeleka kwa mkono.

Nawe ukirudishiwa barua pepe, usiishie kusoma yale maneno ya juu. Shuka chini utafute namba. Ikianza na 4, tulia, mashine yako bado inapambana kwa niaba yako. Ikianza na 5, na ni mtu unayemfahamu kwamba yupo, usimfute. Tuma tena kesho, na kesho asubuhi mpigie simu. Ikishindikana, panda gari umfuate.

Yule dada wa Boko yuko mwaka wa mwisho sasa. Siku moja alipita ofisini akamwuliza Fundi kama ile betri tulibadilisha. Fundi akafungua droo akamwonyesha nyingine tatu mpya, bado ziko kwenye karatasi yake.